Jina Langu Kwenye Mashine Namba Saba

Alhamisi, 15 Novemba 2012 – Lodwar

Mafunzo yamekwisha. Tunalala Nawoitorong, kwenye nyumba ya wageni ya kina mama. Leo kila karani alifanya mazoezi na mashine ya kuandikisha wapiga kura. Msimamizi wetu, Bwana Kiprop, alisema tutumie majina ya kubuni. Losike, jirani yangu wa dawati, akajiita jina la fahali wa babu yake. Mimi nilishindwa. Kudanganya mashine ya serikali, tena kwa vidole vyangu mwenyewe? Nikaweka Mugure, jina kamili, na namba ya kitambulisho. Kwenye picha nimefumba macho. Mashine namba saba. Nadhani watafuta.

Jumatatu, 19 Novemba – Kakuma

Kazi imeanza. Kituo ni darasa la nasari. Nikiketi magoti yanafika kidevuni. Watu walijaa mlangoni, hakuna aliyeingia. Mzee mmoja wa Lopur alisema kile kidude kinafyonza damu kwenye vidole. Bwana Kiprop akaniambia nijiandikishe mimi kwanza, waone. Nikajiandikisha. Mzee akakagua mkono wangu, akasema vyote vipo, akaingia. Mwisho wa siku – watu sitini na mmoja!

Jumanne, 27 Novemba

Sheria naijua usingizini. Mkenya, miaka kumi na minane, kitambulisho au pasipoti. Karatasi ya kusubiri kitambulisho haitoshi. Leo nimemrudisha Abei mara ya tatu. Ana karatasi tu, na mtoto mgongoni. Aliuliza kwa upole kama mtoto ninamwona. Nikasema ninamwona. Basi na mama yake yupo, akasema.  Nikamwonyesha kijitabu cha kanuni.

Nyawal anauza chai hapa nje. Anatoka kambi ya wakimbizi, aliingia Kakuma mwaka tisini na mbili, mgongoni mwa mamake. Kila asubuhi ni salamu ya Kiturkana, kisha yale yale.

– Ejok, dada. Sheria imebadilika?
– Bado.
– Basi kunywa chai.

Jumatano, 5 Desemba

Kijana mmoja aliuliza mtu akijiandikisha mara mbili atafanywa nini. Nikamsomea kijitabu. Ni kosa. Faini, au jela, au vyote viwili. Nilisoma vizuri kabisa, kwa sauti ya kikarani, mpaka nikafika kwenye jela. Ndipo nikakumbuka Lodwar.

Alhamisi, 6 Desemba

Namba saba iko wapi?

Jumamosi, 8 Desemba

Iko Kainuk. Iko na Losike. Alipanda kilima kutafuta mtandao ili anipigie simu acheke. Anasema wa kwanza kwenye orodha yake ni mtu aliyefumba macho kama anaombea chakula. Niliuliza kama majina ya mazoezi hayakufutwa. Ya kubuni yalifutwa, akasema, hata fahali wa babu ameenda. Lako lilionekana la kweli, likaachwa.

Anashauri ninyamaze. Kainuk ni mbali, nani atatazama.

Ninyamaze. Abei nimemrudisha mara tano sasa.

Jumatatu, 17 Desemba

Kesho tunafunga. Nimemwambia Nyawal, sina mwingine wa kumwambia. Alicheka mpaka akaweka birika chini.

– Wewe uko na mbili, mimi hakuna hata moja. Nipe hiyo ya Kainuk.
– Haigawanywi.
– Najua. Mwezi mzima niko kwa hii mlango, sheria najua kukushinda.

Akasema nikifungwa ataniletea chai. Nikamwambia pale getini wanataka kitambulisho.

– Basi utakaa njaa, dada.

Halafu akaacha kucheka. Akasema Abei nilimwambia kanuni ni kanuni. Akabeba birika, akaenda kwa wateja.

Nimeandika barua kwa Bwana Kiprop. Kurasa mbili. Nimeirarua, nimeandika nusu ukurasa.

Jumanne, 18 Desemba

Saa tisa alasiri. Bwana Kiprop amefika kufunga kituo. Nimempa barua kabla ya salamu, nikasahau hata kumkaribisha kiti. Sasa amekalia dawati la watoto, anasoma. Mimi naandika hapa ili mikono iwe na kazi.  Abei yuko mlangoni na karatasi ile ile, mara ya saba. Haingii, haondoki.

Bwana Kiprop amefika mstari wa tatu. Amerudi wa kwanza.

Amevua miwani. Anauliza kama Losike anajua. Nimesema anajua. Ameuliza kama nilielewa ni majina ya kubuni. Nimesema nilielewa. Basi kwa nini, Mugure? Nimesema niliogopa kudanganya. Nyawal amekohoa kule nje.

Sasa amenyoosha mkono.

– Lete kitambulisho chako.

Maneno hayo nimewaambia watu mwezi mzima. Sikujua yanasikika hivi. Abei amesogea hatua moja, anatazama kama kweli ninacho.