Mikalitusi ya Kwenye Chemchemi

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka Nyalukemba. Shangazi yako amehamia Uvira, na nyumba imekuwa kimya.

Unauliza kwa nini nakataza kupanda mikalitusi kwenye chemchemi ya nyuma ya nyumba. Nilipokuwa kijana niliipanda palepale, nikijivunia masomo yangu. Mama yangu alicheka: "Mwalimu, miti yako iko na kiu kuliko ng'ombe!"

Kwanza vyura walinyamaza, halafu matete yakakauka, mwishowe maji yakaisha. Mama akawa anateremka ziwani kuchota maji kwa bidoni, lile dumu la plastiki.

Niliikata miti yote. Maji yalirudi polepole, lakini mama alikuwa ameshafariki.

Sasa vyura wanaimba kila jioni, na sina wa kumwambia, "Sikiliza." Ukija likizo, nitakuambia wewe.

Babu yako