Majina ya Siku ya Reki

Gotland, 8 Februari

Baba mpendwa, shikamoo.

Goti lako limekubaliana na baridi ya Norrköping? Sisi tu wazima, tena tunanenepa kwa raha. Baba, ndoa ni tamu! Torkel ananiletea kahawa kitandani kila asubuhi kabla ya kwenda kugawa barua zake, na moyo wangu unayeyuka kama siagi.

Nina ombi. Tumeomba ruzuku ya kuufufua uwanda wa maua aliotuachia Bibi Gunvor, wewe na mimi. Vichaka vimeshameza nusu yake, na nyuki wa porini hawana pa kula. Tusipopata watu wa kuvikata, miaka mitano tu patakuwa msitu. Fomu inataka sahihi za warithi wote wawili kabla ya 31 Machi. Nimeiweka humu.

Binti yako mwenye furaha,
Hedvig

Norrköping, 17 Februari

Mwanangu, marahaba.

Goti linauma, mengine salama. Fomu imefika, sahihi sijatia. Siku ya harusi, jirani yenu Bengt aliniambia amekuwa akimwona mumeo kwenye uwanda ule miaka minne sasa. Wewe umemjua mwaka mmoja na kidogo. Alifuata nini pale? Muulize alichumbia nini kwanza, wewe au nyasi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baba yako

Gotland, 1 Machi

Baba, shikamoo. Pole na goti.

Barua yako aliileta yeye mwenyewe, maskini, akinibusu shavuni. Nikamuuliza. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema, “Bibi yako alinikataza kusema,” kisha akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Sasa napekua mifuko ya koti lake. Kahawa bado inakuja, lakini naichungulia kabla ya kunywa. Nampenda sana, Baba, ndiyo maana naogopa.

Hedvig wako

Gotland, 13 Machi

Baba, shikamoo. Nakuombea afya.

Nimekipata kile kitabu cha Bibi ambamo wote waliokuja uwandani kila Aprili kuondoa majani makavu kwa reki waliandika majina kabla ya supu. Kilikuwa ndani ya kabati la mikate. Jina lako lipo kila mwaka hadi 2009. Baadaye watu wanapungua, anabaki Bibi peke yake. Halafu, masika yake manne ya mwisho, majina mawili: Gunvor, Torkel. Chini ya jina la Torkel la kwanza Bibi ameandika: “Mleta barua ameniona niko peke yangu, akashuka garini. Mwanangu Arvid asiambiwe, ataona haya.”

Nilimwekea Torkel kitabu mezani. Akasema, “Ningejitetea vipi bila kumvunjia baba yako heshima?” Nimelia juu ya shati lake zima.

Fomu, fanya uonavyo. Siku ya reki ni 18 Aprili, ruzuku iwepo isiwepo.

Hedvig

Norrköping, 19 Machi

Mwanangu Hedvig, marahaba. Goti liache.

Fomu hii hapa, na sahihi yangu. Mama aliniita masika ya 2010, nikajibu nina kazi. Nikajibu hivyo hivyo kila mwaka, mpaka akaacha kuniita.

Nitashuka melini tarehe 17. Ile reki ya mbao yenye jino lililovunjika msimpe mtu, nililivunja mimi. Mwambie mumeo kahawa yangu naitaka chungu, na asiniletee kitandani.

Bahasha sikuifunga. Anayeileta akitaka kuisoma njiani, asome.

Baba yenu