Hindi Lenye Kitambaa Chekundu

Njombe, 25 Novemba 1951

Mke wangu mdogo Idda,

Kamwene. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika kama wazee wa kanisa. Shangazi yako Telesia hajambo? Na kichanga chake, Lukas, ananyonya?

Shamba la bondeni nimelilima lote peke yangu, vijana wakasimama njiani kunishangaa. Basi, bibi yako Dorika ametaka nimsomee nilichoandika, sasa ananikodolea macho. Haya: alilima Nahumu na ng'ombe wake. Mimi nilimshikia kofia. Lakini mbegu nimepanda mwenyewe.

Uliahidi kunikata kucha za miguu, lori likapiga honi, ukakimbia. Sijasahau.

Mumeo mzee,
Babu Methusela

Makambako, 9 Desemba 1951

Mume wangu kikongwe,

Shikamoo. Huku upepo haupumziki, ila sote wazima. Shangazi anawapikia madereva uji, kwa hiyo Lukas nashinda naye mimi. Nikimbeba na kumwimbia analala palepale, kama mwanangu wa hindi.

Huyo umemwona? Nilimvika kitambaa chekundu nikamtundika huko kwenu darini juu ya jiko, pamoja na mbegu, moshi umlinde na panya. Usimwambie mtu. Shangazi anasema msichana wa darasa la kipaimara hachezi na mtoto wa bandia.

Mkeo,
Idda

Njombe, 16 Desemba 1951

Mke wangu,

Kamwene tena. Kaa chini kwanza. Mwanao nimemzika.

Macho yangu hayabagui hindi na hindi. Kile kitambaa nilidhani ni alama ya bibi yako ya mbegu bora. Nikakivua, nikampukuchua kama wenzake, nikamfukia bondeni. Mchungaji hakuwepo, pombe ya ulanzi haikunywewa, wala mimi sikulia. Nikutengenezee mwingine? Huyu nitampa ndevu kama zangu. Nijibu upesi, usije ukaninunia.

Mumeo muuaji,
Babu

Makambako, 20 Januari 1952

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Mimi sijambo.

Lukas amefariki. Nilimbeba kwenda kuchota maji. Nilimwimbia akanyamaza, nikajua amelala. Nikasimama madukani na Ema, mwenzangu wa kipaimara, tukacheka. Shangazi alipomshusha mgongoni mwangu alikuwa ameshapoa. Mganga alisema ni kichomi, kilianza kabla, hata kitandani angekufa. Shangazi hanilaumu. Hanitazami pia.

Barua yako ililetwa siku tuliyomzika. Nilisoma mwanzo nikaikunja. Nimeimaliza jana.

Usitengeneze mwingine. Nyumbani sirudi, nikipita watu watasema ni yule. Nitabaki hapa kuosha masufuria.

Mjukuu wako,
Idda

Njombe, 27 Januari 1952

Mjukuu wangu Idda,

Leo siulizi hali, umeshaniambia.

Barua yako nimeisoma nje, nikaisoma ndani, kisha bibi yako akaninyang'anya akakaa nayo, na kusoma hajui. Ile yangu ichome. Malori huharibika kila siku mlimani, lakini lile lililobeba upuuzi wangu likafika bila pancha.

Umeandika mjukuu wako, nami nimekujibu hivyo hivyo. Nimechoka, Idda. Utani wa kujaza karatasi sina.

Bibi yako ameniambia jambo ambalo hakuniambia miaka yote ya ndoa. Yule mtoto wetu wa pili alikata roho akinyonya, na yeye akaendelea kumnyonyesha huku akipiga soga na jirani. Mimi nilijua alifia usingizini. Anasema uje ulale chumbani kwake, mimi nihamie jikoni. Nimekubali, jikoni kuna moto. Wa kusema watasema. Kwanza watanipita mimi mlangoni na fimbo yangu, na hili si kama lile la shamba.

Mahindi ya bondeni yamenifika kiunoni. Lako ni lipi sijui, yamechanganyika yote.

Dereva Kasimiri anapita hapo Jumamosi, atakuweka kiti cha mbele. Masufuria mwachie shangazi yako, ila umuage vizuri, hata asipokutazama.

Na uje na wembe. Kucha zangu bado zinakungoja, viatu vya kanisani haviingii tena.

Babu yako