Maneno ya Mama Chiriku

16 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakuacha ulale, na kwamba shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanadhani mnasaga unga. Mimi mwili ni mzima. Juma lililopita uliposema kwenye simu kwamba sauti yangu imefifia, nilikujibu ni mafua. Hayakuwa mafua, Dada. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ungenikatiza kwa huruma.

Kazi yangu unaijua: msaidizi katika chumba cha lugha, pale shule ya kimataifa. Watoto wanaofika bila Kiingereza huletwa kwetu kila asubuhi, wanakaa kwenye meza ya duara, na mwalimu wangu anawafundisha kwa picha, vikaragosi na subira. Mimi nachonga penseli, nabandika majina ya vitu ukutani, nafuta machozi. Wakija wazazi wanaosema lugha yetu, mimi ndiye mkalimani.

Katika shajara yangu ya tarehe 9 Januari mwaka juzi nimeandika: "Leo ameingia mtoto wa kike, miaka sita. Anasema kama cherehani." Tukamwita Chiriku. Kampuni ya baba yake ndiyo iliyomtafutia nafasi. Baba mwenyewe ni fundi wa mitambo, yuko mbali, anarudi mara mbili kwa mwaka. Siku hiyo ya kwanza Chiriku aliniuliza kama mwalimu huvua zile nywele zake za manjano anapolala. Nilitoka nje kwenda kucheka.

Halafu maneno yakaanza kumpungua. Mwalimu alisema tumpe muda, wengi hukaa kimya kwanza wakisikiliza. Lakini mwaka wa pili ukaingia, na Chiriku akawa hasemi Kiingereza wala lugha yetu. Nikimnong'oneza amekula nini, anainua mabega. Ukimpa picha ya ng'ombe, anaitazama kama barua ya serikali.

Tarehe 6 mwezi huu mama yake aliitwa. Tulikuwa wanne: mkuu wa shule, mwalimu wangu, yule mama na mimi katikati yao. Mama alivaa viatu vya kutokea, mkoba ameupakata. Mkuu akauliza mtoto anasemeshwaje nyumbani. Mama akanigeukia, akasema sisi wenyewe tulimkataza kumsemesha mtoto lugha yake, naye akatii. Kiingereza chake yeye ni kula, oga, lala, njoo, acha. Basi kwa miaka miwili mwanawe amepata hayo matano. Hadithi aliziacha. Mtoto alipougua surua, alikaa kitandani kwake anampapasa tu, kwa sababu maneno ya kumpoza mgonjwa hana kwa Kiingereza. Mwanzoni mtoto alikuwa akimwuliza, mama umenikasirikia? Naye anaweka kidole mdomoni. Siku hizi hamwulizi tena.

Nikatafsiri. Nilichotafsiri nitakueleza.

Mkuu akaandika kwenye faili la Chiriku kwamba mtoto ana akili nzito na nyumbani hakuna anayemjali, hivyo atafutiwe shule ya watoto wa namna hiyo. Mwalimu wangu alipinga, akaomba muhula mmoja tu, lakini hakuwa na cha kushika mkononi. Siku nne baadaye Chiriku akabeba begi lake akaenda. Kibandiko cha jina lake mezani nilikibandua mimi, kwa kucha.

Jana nilikwenda kwao. Mama yake alinishika mikono miwili akanishukuru. Akaniambia, mdogo wangu, katika chumba kile wewe peke yako ulikuwa upande wangu, wewe ndiye uliyenisemea. Chiriku alikuwa sakafuni akipanga vifungo vya nguo kwa rangi. Hakuinua kichwa. Nilimaliza chai nikaaga.

Sasa nikuambie, Dada. Shule haikumkataza mtu kusema lugha yake. Kila Ijumaa mwalimu hunipa kikaratasi cha kwenda nyumbani, nikiandike kwa lugha ya wazazi. Cha kwao Chiriku kilisema: msomeeni mtoto kila jioni, kwa lugha yoyote mnayoipenda. Mimi nikaandika: nyumbani semeni Kiingereza tu, lugha yenu itamchelewesha. Hakunituma mtu. Unakumbuka kidato cha pili niliposimama kusoma Kiingereza, darasa zima likacheka mpaka nikakaa. Sikutaka huyu achekwe, nikajiona mjuzi kuliko aliyesomea. Na siku ya mkutano, mama aliposema tulimkataza, nilijua ule mwandiko ni wangu. Nikawaambia kwa Kiingereza: mama anasema kazi zinambana, hapati nafasi ya kuzungumza na mtoto. Yeye akawa anaitikia kwa kichwa kila neno nililotamka, kwa kuwa aliniamini.

Katika shajara siku hiyo niliandika "mkutano", basi.

Nimemwandikia mkuu barua, na nakala kwa mwalimu wangu. Haya yote yamo. Ipo kwenye bahasha tangu alfajiri. Kazi nitaipoteza, hilo nimelipima. Kinachonitetemesha ni kurudi kwa yule mama nikamwambie kwa lugha anayoielewa kila neno. Usiniambie yaliyopita si ndwele. Kwa Chiriku hayajapita. Lile faili litamfuata kila mlango atakaobisha.

Barua hii ikikufikia, nipigie uniulize jambo moja tu: umeipeleka? Nikianza habari za mvua, kata simu, halafu upige tena.

Msalimie shemeji, na watoto wote kila mmoja kwa jina lake. Goti ulikande kwa maji ya moto, usilifanyie ukaidi.

Ni mimi, kitinda mimba wenu.