Dawa ya Choo Kwenye Kaburi

Shoga, acha unachofanya usome. Kaburi la mama yako usiliguse na dawa ya choo! Ile asidi, usithubutu.

Mimi nimeshaharibu. Nimelimwagia la marehemu mume wangu, nitoe weusi kabla mama mkwe hajafika kesho. Likachemka, shoga. Jiwe la marumaru linachemka! Nikafurahi, nikajua uchafu unatoka, nikasugua.

Kumbe lililokuwa linatoka ni jina.

Nikampigia binti yangu, huyu anayesomea kemia. Akapiga kelele, "Mama! Marumaru ni chumvi hiyo!"

"Chumvi gani? Mbona mvua haijaiyeyusha miaka yote?"

"Hii haiyeyuki kwa maji. Asidi ndiyo inaivunja. Hilo povu ni hewa inatoka, na inazaliwa chumvi nyingine inayokwenda na maji. Suuza haraka!"

Nikasuuza mpaka ndoo zikaisha. Nikamuuliza, "Sasa herufi zitarudije?" "Hazirudi, mama."

Ukikodoa macho jina bado unaliona. Ukipapasa, laini kama sabuni.

Na mama mkwe haoni, unamjua. Jina la mwanawe hulisoma kwa kidole.