Shimo la Fumo

Ganda, Jumapili

Bi Amina, mwalimu wangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea, ingawa safari hii hutanijibu, "Marahaba, keti kwanza, mengine baadaye." Tangu tukuzike nawazungukia watoto wetu wenye ulemavu majumbani kwao peke yangu. Yule msichana asiyesikia, wa hapa Ganda, sasa anamwita mamake kwa ishara uliyomfundisha. Lakini ninayetaka kukueleza habari zake ni Fumo wa Ngomeni.

Unalikumbuka shimo lake? Ulilichimba uani kwao kwa kifuu cha nazi, ukamsimamisha ndani, ukamzungushia mchanga hadi kifuani. Mtoto wa miaka minne ambaye shingo yake haijapata kukaza, akainua kichwa, akatuchekea. Ukasema, "Huu mchanga wamshika vizuri kuliko mimi nawe." Tukaliacha wazi ili mamake aendelee nalo. Wiki ile ile moyo wako ukasimama.

Niliporudi Ngomeni, sikulikuta shimo. Palikuwa na tuta lililoshindiliwa na kunyunyiziwa maji. Bi Amina, nililipima kwa macho. Urefu ule ulikuwa wa mtoto.

"Mchimba makaburi kaja!" Bi Rukia, jirani yao, alinipokea kutoka upande wa pili wa ua wa makuti. "Mwenzio kalichimba, kaliacha wazi, likamtaka mwenyewe! Sasa tumelizikia mgomba, lishibe. Nenda zako!"

Ndipo nikaelewa. Walifukia shina la mgomba, kama wafanyavyo kaburi likichimbwa na asipatikane wa kuzikwa. Waliamini tulimchimbia Fumo, ukaingia wewe badala yake.

Nikamuuliza mamake, Fumo yuko wapi?

"Kaenda Mariakani kwa babu yake," akasema, akitazama chini.

Sikumwamini. Katika shajara yangu niliandika: Mama Fumo anasema uongo. Mtoto asiyemeza mpaka aegemezwe kichwa na kulishwa kidogo kidogo, nani atamlisha huko? Wewe ndiwe uliyenionyesha watoto wanaofungiwa vyumba vya nyuma. Niliwaza hayo, na mabaya zaidi ambayo hata wewe sikuandikii.

Basi nikawa napita njia ile bila shughuli yoyote, nikichungulia. Jumatano niliona nguo ndogo zimeanikwa ndani ya ua, mahali pasipoonekana vyema. Ijumaa nilimwona mamake akibeba ndoo ya mchanga mweupe, akageuka nyuma mara mbili, akaingia nayo jikoni. Mchanga wa nini jikoni? Usingizi ulinipaa.

Jana nikakumbuka kwamba wewe hukupiga hodi mlango wa mbele hata siku moja. "Mbele ni kwa wageni," ulikuwa ukisema. Nikasubiri Bi Rukia aende zake msibani, nikapiga hodi mlango wa jikoni. Mama Fumo alifungua kidogo tu, akanishika mkono, akanivuta ndani.

Pembeni, mbali na mafiga, sakafu ilikuwa imechimbwa. Fumo alisimama humo, mchanga umemfika kifuani, mwiko mkononi, akigonga sufuria. Alinigeukia. Kichwa kilikuwa kimenyooka, Bi Amina, wala hakikuegemea kitu.

"Taratibu, Kadzo, majirani wasisikie," mamake akaninong'oneza. "Wakijua nina shimo ndani ya nyumba, watakuja na shina jingine la mgomba. Wacha wadhani yuko Mariakani."

Nikamwambia kuwa nilimdhania mabaya.

"Na mimi je? Nilikuona ukichungulia, nikasema huyu kaja kumchukua mwanangu." Akacheka huku akijifuta macho kwa leso. "Siku ile mlimtazama Fumo akicheka. Mimi nilikuwa nautazama mkono wa Bi Amina, namna anavyoshindilia mchanga."

Basi pumzika, mwalimu wangu. Nitapitia jikoni, na Bi Rukia akiniuliza nitamwambia nafuata samaki. Nakuahidi jambo moja tu. Siku Fumo atakapoweza kutoka nje, hata kama ni mgongoni kwangu, tutapita juu ya ule mgomba wao mchana kweupe, naye kichwa juu.

Buriani.

Mwanafunzi wako,
Kadzo