Kifungu cha kisima

Limbu uko wapi? Soma haraka.

Niko kwenye kikao cha wazee hapa Nyanungu. Nilikuwa nawasomea makubaliano ya malisho, yale niliyochapa kwenye laptop. Namaliza tu, mzee Ryoba ananiuliza, "Binti yangu, kifungu cha kisima umekiruka?"

Sijakiruka. HAKIPO! Kile cha kwamba kisima ni cha wote, mtu asizungushie uzio. Hakipo kabisa!

Nikajikaza. Nikawaambia nina Git, rafiki yangu Limbu kaniwekea, faili likibadilika inatunza lile la zamani na kuandika nani kabadilisha na lini. Nikaifungua mbele yao, najidai kweli.

Jumatatu kifungu kipo. Jumanne saa nane mchana kimefutwa. Na jina ni Rhobi. Limbu, jina langu mimi! Nimelisoma kwa mdomo wangu mwenyewe!

Halafu mzee Ryoba akasema, "Jumanne saa nane ulikuwa nasi msibani Nyambureti. Wewe ndiye uliyeninawisha mikono."

Nikashusha pumzi. Kumbe najifurahisha bure.

"Sasa hiyo mashine uliiacha na nani?"

Laptop ilibaki nyumbani. Neno la siri tunalijua wawili tu pale nyumbani, na shamba linalopakana na kisima ni letu.

Kifungu nimekirudisha. Ila mume wangu yuko njiani na pikipiki, anakuja kunichukua, na wazee wote bado wamekaa. Wanamsubiri.